Chuo Ambacho Mama Hakwenda

Kuna harufu ambazo mtu hazitafuti, zinamfuata zenyewe. Majuzi nilikuwa kwenye foleni ya supamaketi hapa Kitengela, mkate mkononi na haraka zangu kichwani, na mbele yangu alikuwa mama mmoja wa Kimaasai amebeba kibuyu cha maziwa begani. Si jerikeni la plastiki. Kibuyu chenyewe, chenye kifuniko cha ngozi na shanga zilizopauka. Harufu ikanifikia: moshi wa mzeituni wa porini, maziwa yaliyolala, na kwa mbali ng'ombe. Keshia aliniita mpaka akachoka, "Madam, ni wewe sasa," na mimi nilikuwa nimeshaondoka pale, niko kwenye manyasi, mtoto wa darasa la pili, kamba ya kiatu imefunguka na sina habari.

Labda ni kwa sababu nilikuwa nimetoka kuambiwa kwamba bibi aliyenionjesha maziwa hayo kwa mara ya kwanza ametutoka. Jina lake sitalitaja. Kwao mtu akishaondoka jina lake haliitwi, na hilo ninaliheshimu. Hata alipokuwa hai hatukulitumia. Sote tulimwita Kokoo, yaani nyanya kwa Kimaasai. Hata mama yangu alimwita hivyo, na mama ni Mluhya wa Kakamega, kwao nyanya ni kukhu, na hana upungufu wao.

Kitengela ya siku hizo ilikuwa na upepo kuliko watu. Ulikuwa unavuma kutoka upande wa mbuga, unabeba vumbi na sauti, na ukisimama mlangoni kwetu ungeweza kusikia kengele za mbuzi ambao huwaoni. Tulikuwa tumekodi vyumba viwili kwenye ploti ya mabati. Nyuma ya ploti palikuwa na nguzo za watu waliokata mashamba yao wakasahau kujenga, na baada ya nguzo hapakuwa na kitu, manyasi tu mpaka macho yachoke. Asubuhi nyingine tulikuta punda milia wamesimama karibu na choo, wanatuangalia wakidhani sisi ndio wageni. Baba alifanya kazi mpakani Namanga, anarudi Jumamosi jioni. Kwa hiyo wiki nzima ilikuwa yetu wawili, mama na mimi, na sikujua kama kuna nyumba zinazoishi kwa njia nyingine.

Mama alikuwa mwalimu, ila alikuwa mwalimu nusu. Hayo ni maneno yake mwenyewe. Alifundisha katika shule moja ndogo ya kulipia, lakini hakuwa amesomea ualimu, na kila mwaka mwenye shule alimkumbusha kwamba wenye vyeti wako wengi. Jumamosi mchana alifundisha bure. Kulikuwa na kanisa la mabati kando ya barabara ya vumbi, na humo kina mama wa Kimaasai walikuwa wakikutana kujifunza Kiingereza. Wenyewe waliliita darasa lao gumbaru, yaani shule ya watu wazima, wakicheka. Wengine walitaka Kiingereza cha kuuzia shanga Namanga, wengine cha kumwelewa daktari, na Kokoo alisema yeye anataka kujua tu wajukuu wake wanamsengenya vipi.

Mimi nilikaa benchi la nyuma, miguu haifiki chini. Ninalipenda darasa lile mpaka leo kama mtu anavyopenda nyumba aliyozaliwa. Mabati yalikuwa yakipasuka pasuka kwa joto, ta, ta, ta. Shanga za kina mama zililia kila mmoja alipogeuza shingo. Chaki ya mama ilikuwa ikianguka polepole ndani ya mwanga uliopita kwenye tundu za misumari, na mimi niliufuata unga ule kwa macho mpaka usingizi unanichukua, nasikia Kiingereza kutoka mbali, sauti nyingi nzito zikirudia pamoja.

Jumamosi ninayoikumbuka, mama aliandika ubaoni maneno mawili ya mwanzo, *I could*. Akawaeleza kwa Kiswahili, "Hii ni ya kitu ulikuwa unaweza zamani. Sasa pengine huwezi, lakini uliweza. Kila mtu anipe yake."

Wee! Darasa liliamka. Mmoja alikuwa akiweza kubeba ndama begani akivuka mto. Mwingine alikuwa akiweza kuruka juu kuliko kaka zake, na baba yake akamkataza. Mama mmoja mnene alisema zamani aliweza kupita katikati ya mabenchi haya bila kusukuma mtu, na kicheko kilipigwa mpaka mchungaji akachungulia dirishani. Kisha Kokoo akasimama. Alikuwa mrefu, masikio yake marefu yana pete za shanga, na jicho moja lilikuwa limeanza kuwa na ukungu. Akasema kwa Kiingereza, taratibu, kila neno akiliweka chini kwanza kabla ya kuokota jingine: "*I could hear my cow.*"

Akaendelea kwa Kiswahili. "Zamani zikiwa mbali, huko mbali kabisa, moja ikilia mimi najua ni gani. Naita jina. Sasa hii masikio imezeeka. Nasikia tu ng'ombe."

Hakuna aliyecheka. Walimpigia makofi, na mimi nikampigia pia, nikiwa nimeamka kabisa. Nilidhani makofi ni ya kumrudishia masikio yake.

Kisha mama akafuta, akaandika maneno mengine, *I could have*. Akasema, "Hii ni nyingine. Hii ni ya kitu ambacho kingewezekana, njia ilikuwepo, lakini hakikuwa."

Upepo ukapita juu ya mabati. Yule mama mnene akauliza, "Mwalimu, kama hakikuwa, tunakiongea cha nini?"

"Watu huongea," mama akasema.

"Watu gani?"

Mama akacheka kidogo, akageukia ubao. Alitaka kuwapa mfano, na nafikiri alichukua ule uliokuwa karibu na mkono. Akaandika sentensi nzima, kisha akaisema kwa Kiswahili ili wote wamwelewe. "Ningeenda chuo cha ualimu. Barua ilikuwa imekuja. Lakini nilikuwa nimepata mtoto." Akaipiga mstari kwa rula, akawaambia warudie, na sauti zile nzito zikarudia, *but I had a baby*, mara ya kwanza, mara ya pili, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kuniangalia isipokuwa Kokoo.

Sasa, kwetu mtoto alikuwa mmoja. Ndiye mimi.

Sijui watoto wengine hufikiri vipi. Mimi nilikuwa mtoto wa kuona vitu. Nilikiona chuo kile wazi kabisa, na nikikisikia neno chuo leo bado ni kile ninachokiona. Kilikuwa na ukuta mweupe na maua mekundu. Ndani palikuwa na chumba, na chumbani kitanda kimetandikwa shuka la bluu, na juu ya kitanda viatu vya mama vya kisigino ambavyo hakuwahi kuvinunua. Kila asubuhi mwalimu mkuu aliita majina. Akifika kwa mama anangoja. Wanafunzi wote wanageuka kuangalia mlango. Hakuna mtu. Anaandika alama, wanaendelea, na kesho yake anaita tena. Walikuwa wakimngoja miaka yote hiyo, maskini, na kitanda hakilaliwi na mtu, kwa sababu yangu. Niliona pia jinsi ya kulimaliza jambo lile. Kilichotakiwa ni kuondoa mtoto tu, basi, na mama angeingia pale mlangoni aseme, niko hapa.

Sikulia. Nilihuzunika, ndiyo, tena sana, lakini ndani ya huzuni kulikuwa na kitu kitamu, cha kujiona nina kazi kubwa ya kufanya.

Na njia ilikuwepo. Kila Jumamosi baada ya darasa kulikuwa na mchezo wa maneno. Mimi nainamisha kichwa mbele ya Kokoo kama watoto wa kwao wanavyofanya, naye ananigusa utosini, halafu anamwambia mama, "Mwalimu, hii mtoto nipatie. Mimi sina wa kulala na mimi." Hayo ya kulala yalikuwa kweli. Kwao bibi hupewa mjukuu wa kukaa naye, kumchotea maji na kumwashia moto, na yule aliyekuwa naye alikuwa ameolewa. Mama naye, kama kina mama wa kwetu wanavyojibu, anasema, "Chukua tu, Kokoo. Kwanza anakula sana." Wanacheka, wanaagana. Siku ile waliyasema tena yale yale, mbele ya kina mama wote. "Nipatie." "Chukua." Mama akaenda kufunga madirisha ya kanisa kabla ya kukimbilia steji kumpokea baba.

Nikaenda nyumbani. Nikatandika leso, nikaweka gauni la Jumapili, kitabu cha kusoma, na mswaki, nikafunga. Nilipotoka, Kokoo alikuwa ameshapita nguzo za mwisho, shuka lake jekundu likipepea, anaenda kwao bila haraka. Nikamfuata. Sikukimbia. Manyasi yalinifika kiunoni na yalikuwa na sauti yake, na jua lilikuwa limetulia juu ya kila kitu, na nilihisi kana kwamba sitembei mimi, nchi ndiyo inasogezwa chini ya miguu yangu. Swala waliinua vichwa, wakavishusha. Nilimwaza mama akivaa viatu vile vya kisigino.

Kokoo alinigundua kwenye korongo kavu, aliposimama kutoa mchanga kwenye kiatu chake cha tairi.

"Wewe. Unaenda wapi?"

"Kwako."

"Mama anajua?"

"Si amesema unichukue."

Aliniangalia kwa lile jicho zima. Nilidhani atanifukuza. Kwa mwendo ule kwake kulikuwa karibu kuliko kwetu, na mtoto hawezi kurudishwa peke yake kwenye manyasi. Akachukua furushi langu, akalitia kwenye kikapu chake, akasema, "Twende basi."

Nyumba yake ilikuwa fupi, ya udongo, na ndani giza la baridi lililonuka moshi. Nilipewa kigoda cha ngozi. Akatikisa kibuyu karibu na sikio lake, akanimiminia maziwa kwenye kikombe cha bati. Yalikuwa mazito na machachu, yana vumbi jeusi la mkaa, na nilipoyameza yalinichoma pua nikafumba macho. Aki sijawahi kunywa kitu kama kile. Ndama alikuwa amefungwa humo humo ndani na alinilamba kisigino. Niliwaza, basi nitaishi hapa.

"Sasa niambie," akasema Kokoo.

Nikamwambia. Nikamwambia habari ya chuo, kitanda, na yule mwalimu mkuu anayeita majina. Nikamwambia mimi ndiye yule mtoto wa ubaoni, na kwamba sasa kwa kuwa niko kwake, mama anaweza kwenda. Niliyasema vizuri tu mpaka nilipofika kwenye neno mama, hapo nikaharibika, nikalia na kamasi zikatoka.

Kokoo hakunibembeleza. Alinifuta uso kwa pembe ya shuka lake, akatoka nje. Nikamsikia akimwita jirani aliyekuwa akienda sokoni Kitengela, na ingawa walizungumza Kimaasai nilisikia neno mwalimu. Aliporudi alikaa mlangoni akaanza kutunga shanga, ananitazama kila baada ya muda. "Atakuja," akasema. "Akija, wewe nyamaza. Mimi nitaongea."

Mama alikuja jua likiwa limeinama. Alikuja mbio na kutembea, mbio na kutembea, kitambaa cha kichwa amekishika mkononi, viatu vya kanisani vimekuwa rangi ya udongo. Nyuma, mbali sana, nilimwona baba na begi lake la Namanga bado begani. Mama hakungoja kufika. Alianza kuniita jina kutoka zizini, sauti imepasuka, na mimi nikasimama niende.

Kokoo akaweka mkono mbele yangu.

"*Takwenya*," akamsalimu mama, polepole, salamu ya mkubwa kwa wanawake.

"*Iko*," mama akaitikia, akihema. "Kokoo, asante, Mungu akubariki, nimetafuta kila mahali, nimeingia mpaka kwenye vyoo vya watu. Wewe mtoto, njoo hapa!"

"Kaa kwanza. Kunywa maziwa."

"Kokoo, giza linaingia."

"Mwalimu, hii mtoto ulinipatia."

Mama alicheka, kile kicheko cha mtu asiye na pumzi. Kokoo hakucheka.

"Nilikuomba mbele ya wanawake. Ukasema chukua. Kwetu sisi mtoto akiombwa, na mwenyewe akisema ndiyo, ameenda. Sasa kama unamtaka, sema unamtaka. Yeye yuko hapa anasikia."

"Lakini ulikuwa mchezo! Kokoo, wewe unajua ulikuwa mchezo."

"Mimi najua. Yeye hajui." Akanishika bega. "Anasema alikuzuia chuo. Anasema amekuja kukaa huku ndio wewe uende."

Nilimwona mama akielewa. Hasira ilimtoka usoni, na kilichobaki kilinitisha zaidi kuliko hasira. Alikaa chini pale pale, kwenye samadi kavu, na gauni lake la Jumamosi. Baba alikuwa amefika zizini akasimama. Ng'ombe walikuwa wanaingia mmoja mmoja na vumbi lao la dhahabu, wanatupita kama hatupo.

"Nani amekuambia ulinizuia?" mama akaniuliza.

"Uliandika."

Nilitaka aseme haikuwa kweli, kwamba chuo hakikuwepo, kwamba ulikuwa mfano tu wa darasani. Mama yangu hakuwa mtu wa kudanganya, hata pale ambapo uongo ungekuwa na huruma.

"Chuo nilikitaka," akasema. "Nilikitaka sana. Mpaka leo nakitaka, sitakuficha. Na ningeenda. Kukhu wako aliniambia, niachie huyu mtoto, nitamlea kama wangu, nenda usome. Nilikuwa nimeshapakia sanduku. Nikapanda basi. Basi likaondoka, nikiwa nimekaa dirishani, na fomu ziko kwenye mkoba. Tulipofika steji iliyofuata nikamwambia kondakta anishushie sanduku langu."

"Kwa sababu nililia?"

Akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta.

"Hukulia. Nilipokuacha ulikuwa umelala. Nikarudi kwa miguu na sanduku kichwani, watu wananicheka njia nzima, nikafika, nikakukuta bado umelala. Vile vile, mkono huu chini ya shavu. Hakuna mtu aliniita mimi. Hukunizuia. Wewe hata hukujua kama nimeenda."

Kokoo akauondoa mkono wake begani kwangu. Alingoja, kama anavyongoja mtu aliyeuliza swali na bado hajajibiwa, mpaka mama akainua uso akamwangalia.

"Namtaka," mama akasema. "Kokoo, namtaka mtoto wangu."

Nilikwenda. Nilikuwa mkubwa wa kubebwa na wote waliokuwepo walijua hivyo, lakini mama alinibeba, akanivusha zizi na manyasi na korongo lile kavu, baba akitembea kando yetu na begi na furushi langu la leso. Kila aliposema, "Nipe mimi sasa, utachoka," mama alisema hachoki. Mimi nilikuwa nimeamka, macho yangu yako wazi kabisa, ila niliyafumba nikaweka mkono chini ya shavu, nimwache anibebe hivyo hivyo mpaka nyumbani.